Kicheko cha Mzee Athumani Kwenye Pakiti ya Dawa

Ninyi mnaopiga picha sahani ya ugali kabla hata ya kunawa mikono, kaeni kidogo hapa. Mimi nimepiga watu picha maisha yangu yote ya kazi, pale Korogwe mjini, na nimestaafu nikiwa na swali ambalo sijapata mtu wa kunijibu likanikaa sawasawa kichwani. Uso wa mtu ni wa nani?

Msicheke. Hata mimi ningecheka, kabla Bi Mwajuma hajaingia studio na pakiti yake.

Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza nafuta vumbi kwenye kaunta. Wakaingia wawili, mzee na mkewe, wametoka Kwaluguru kule Handeni kwa bodaboda, wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mzee nilimtambua palepale, maana ukishampiga mtu picha ikatoka vizuri humsahau tena. Alikuwa Mzee Athumani, mkulima wa mahindi na mwalimu wa madrasa ya kijijini kwake. Nilimpiga picha miezi kadhaa nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, huku anaangalia sakafu.

Mkewe sikuwahi kumwona. Mama mfupi, mtandio umemkaa barabara, macho hayapepesi.

"Wewe ndiye Mama Neema, mpiga picha?"

"Ndiye mimi, mama. Karibuni mketi."

"Hatukuja kukaa. Soma hapo."

Akaiweka pakiti juu ya kaunta. Ilikuwa ya unga wa mizizi, moja ya zile dawa za nguvu za kiume zinazouzwa minadani. Mbele kabisa, kwa rangi zote, alikuwa Mzee Athumani anacheka. Kichwa kimerudi nyuma kidogo, macho yamefumba nusu, pengo la jino linaonekana. Na chini ya kicheko hicho wameandika, kana kwamba ni yeye anayesema: "Mke wangu alikuwa amenikimbia. Leo amerudi mwenyewe."

"Mimi," Bi Mwajuma akaniuliza, "nimemkimbia lini?"

Nikamwangalia mzee. Mzee naye akazidi kuangalia sakafu. Ikabidi mama aeleze yote. Vijana wa bodaboda kijijini sasa wanampigia mumewe honi na kumwita Mzee Kifufuo. Wanaume wazima wanamfuata pembeni baada ya swala, wanamwomba kwa sauti ya chini awauzie kidogo. Wazazi wengine wamewatoa watoto madrasa, wanasema mwalimu amegeuka mganga, na mwalimu anayesema uongo hadharani atawafundisha nini watoto wao. Yeye mwenyewe Bi Mwajuma, akienda kisimani, wanawake wananyamaza, halafu mmoja anauliza, "Enhe, dada, ulikuwa umekwenda wapi?"

"Miaka yote hii sijalala nje ya nyumba ya mume wangu ila kwa msiba na uzazi," akasema. "Picha ulipiga wewe. Sasa niambie umemuuzia nani."

Sikumuuzia mtu. Nikasema hivyo, nikaapa. Lakini hata mimi nilipoitazama ile pakiti niliona ni kazi ya mkono wangu. Mwanga unatoka kushoto, kwenye dirisha letu. Pazia la nyuma ni letu, lile lenye mikunjo. Mtu anakuonyesha kitu umekishona wewe, unakijua kila uzi, na hujui kimefikaje kule kilikofika.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana kuchanganyikiwa kwangu hakukuanza siku hiyo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Singano, mwenye studio, Mungu amrehemu. Wakati huo tulikuwa na filamu, na chumba cha giza chenye taa nyekundu. Mzee Singano alikuwa mtu wa maneno machache, lakini sheria yake moja aliirudia mpaka ikatuchosha: ulichokiona chumba cha giza, kiache chumba cha giza. Tulikuwa tunawapiga picha mabibi harusi wa Kiislamu kwenye sherehe za wanawake peke yao, nywele wazi, mikono na hina. Ndiyo maana alinichukua mimi, mwanamke, ingawa ni Mkristo kutoka milimani. Kazi ikiisha, mama wa bibi harusi anakuja mwenyewe. Tunampa picha na negativu zake, vile vipande vya filamu picha inakotolewa. Anaziinua kwenye mwanga moja moja, anaridhika, anazifunga kwenye pindo la khanga, anakwenda zake. Biashara imekwisha. Hakuna tena picha ya binti yake popote duniani ila kwenye sanduku lake.

Halafu zikaja kamera za dijitali. Mama mmoja wa Kwamndolwa nilimpigia binti yake picha za namna hiyo, akaja kuzichukua, akanyoosha mkono.

"Na negativu."

"Mama, siku hizi hazipo."

"Picha itatokaje bila negativu?"

Nikampeleka kwenye kompyuta, nikamwonyesha. Akaona binti yake amejaa kwenye kioo, akashika mdomo. "Itoe humo," akasema. Nikafuta mbele ya macho yake.

"Imekwenda wapi?"

"Imekwenda kwenye kapu la taka."

"Hilo kapu liko wapi?"

Nikamfungulia ili aridhike, na binti yake akawa yumo humo, anatabasamu. Yule mama alipiga kelele, watu wa duka la jirani wakaja. Nikalimwaga lile kapu, nikamwambia sasa basi, haipo tena kabisa. Akaondoka hajaamini. Baadaye fundi wa kompyuta akaniambia kuwa picha ukiifuta bado kuna namna ya kuirudisha, ikiwa mtu ana ujuzi.  Yule mama asiyejua kompyuta alikuwa na wasiwasi wa kweli, na mimi mwenye kompyuta nilikuwa na uhakika wa bure.

Sasa Mzee Athumani. Siku ile alikuja kwa picha ndogo tu, za kitambulisho. Picha za kitambulisho mnazijua, mtu anakuwa kama anasubiri hukumu. Nilipomaliza nikaona mwanga wa dirishani umelainika, umemwangukia vizuri shavuni, nikamwomba akae nimpige moja ya ziada. Vijana, nawaambia siri ya kazi: usimwambie mtu acheke. Ukimwambia cheka, anakuonyesha meno. Mtafutie kitu chake mwenyewe. Mimi Kizigua nimekiokota kwa majirani, kinanitosha kuchokoza watu. Nikamuuliza kwa Kizigua, "Mzee, ulipokwenda kumposa mama wa nyumbani kwako, baba yake alikujibu nini?"

Akaniangalia, halafu akaanza kutikisika. "Aliniuliza kama nimewahi kumwona binti yake akikasirika. Nikasema bado. Akasema, basi nenda, urudi ukishamwona." Akaangua kicheko, na mimi nikabonyeza.

Nikampa nakala moja. Nikamuuliza, "Mzee, niiweke ukutani?" Tulikuwa na ukuta wetu wa picha nzuri, watu wakiingia wanazitazama. Akasema, "Weka." Nikaweka, kwenye fremu, karibu na mlango.

Kumbe Grace naye ameiweka.

Grace ni binti wa Mzee Singano, ndiye aliyerithi studio baba yake alipofariki. Mchapakazi, ana akili ya biashara, na nampenda kama mwanangu. Alikuwa amefungua ukurasa wa studio mtandaoni, anaweka kazi zetu ili wateja watuone, na kweli walikuwa wanakuja. Siku ile Bi Mwajuma alipoleta pakiti, Grace aliingia akatukuta tumesimama watatu kama tuko msibani. Akaiona pakiti, rangi ikamtoka.

"Mama Neema, si ulimwomba ruhusa?"

"Nilimwomba ya ukutani."

"Na ule wa mtandaoni ni ukuta pia," akasema, sauti imepungua. "Unaitwa hivyo hivyo."

Mzee Athumani ndipo akainua uso kwa mara ya kwanza. Akaangalia ukuta wetu, akaona picha yake pale karibu na mlango. "Mimi nilisema huu," akasema, akiugusa kwa kiganja kabisa, chokaa ikambaki kwenye vidole. "Kuna mwingine?"

Grace akamwonyesha kwenye simu. Mzee akaangalia kicheko chake mle ndani, na chini yake wamejaa watu asiowajua wameandika maneno. Akamrudishia Grace simu yake.

Nilimchukua Bi Mwajuma pembeni, nikamweleza mumewe alicheka nini siku ile. Hakuwa amejua. Akabana midomo, halafu akasema, "Kwa hiyo alinicheka mimi, na wao wakamfanya anicheke zaidi." Nikajuta kumwambia, kisha nikaona anafuta jicho kwa ncha ya mtandio, nikawa sijui tena kama nimefanya vibaya au vizuri.

Tulianza kwa kupiga simu, maana pakiti ilikuwa na namba. Sauti ya mwanaume ikapokea, ya upole sana, ikajitambulisha kuwa ni Dokta. Grace akaeleza. Dokta akasikitika nasi. Akasema yeye ni muuzaji tu, lebo alitengenezewa na mchoraji wa matangazo wa Dar es Salaam. Tukaomba namba ya mchoraji, akatupa bila shida. Mchoraji naye akasikitika. Akasema alitafuta mtandaoni mzee anayecheka, akampata mzee anayecheka, hakukuwa na jina la mwenye picha wala katazo lolote.

"Kitu kikishakuwa mtandaoni ni cha wote, mama," akaniambia, taratibu, kama mtu anayemfundisha bibi yake.

Tukarudi kwa Dokta. Akaahidi hatatumia tena picha hiyo, akimaliza pakiti zilizopo.

"Akimaliza!" Bi Mwajuma akasema, simu iko hewani. "Kwa hiyo tumsaidie kununua?"

Simu ikakatwa.  Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mwizi, sikumkuta. Dokta kasema mchoraji, mchoraji kasema mtandao, mtandao umetoa kwa Grace, Grace kachukua kwangu, mimi nilipewa na mzee mwenyewe aliposema weka. Kila mmoja amesogeza kidogo tu.

"Sasa mimi nimkasirikie nani?" Bi Mwajuma akauliza. Aliuliza kwa dhati kabisa, anasubiri jibu.

Grace akasema twende kwa wakili.

Wakili Tumaini alikuwa na ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, binti mdogo mwenye miwani, hodari. Alitusikiliza wote. Kisha akaanza kuuliza.

"Nani alipiga picha?"

"Mimi," nikasema.

"Ukiwa umeajiriwa na nani?"

"Na Grace."

"Basi hakimiliki ya picha inaelekea kuwa ya studio."

Bi Mwajuma akasogeza kiti. "Yaani mume wangu ni wa studio?"

"Hapana, mama. Picha ndiyo ya studio. Sura yake ni taarifa yake binafsi, ni ya kwake, na inalindwa na sheria."

"Na sura yake iko wapi, kama haiko kwenye picha?"

Wakili akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kusema kweli mimi nilikuwa upande wa Bi Mwajuma. Wakili akajaribu kwa njia nyingine. Akasema siku hizi nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na anayekusanya habari za watu, iwe jina, namba ya simu au sura, ana wajibu. Asikusanye ila kwa sababu aliyoieleza, na asiitumie kwa sababu nyingine. "Ruhusa ya jambo moja si ruhusa ya kila jambo," akasema. "Ukimwazima jirani jembe hujampa na shamba."

Hapo mzee akatikisa kichwa kukubali. Ndilo neno pekee la siku ile lililomwingia, na mimi pia.

Halafu wakili akamgeukia Grace. "Na ninyi studio, mmejisajili?"

"Biashara imesajiliwa, na leseni ninayo."

"Namaanisha kama wakusanyaji wa taarifa za watu."

Grace akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia yeye. Tulidhani hayo ni ya mabenki na kampuni za simu. Sisi ni studio ya picha, na kutoa kopi, na kuweka nailoni vitambulisho. Wakili akasema angependa kuiona hiyo kompyuta yetu, na kesho yake akaja.

Mngemwona. Alikaa kwenye kiti changu, akawasha. Neno la siri tulikuwa tumelibandika kwenye fremu ya kioo kwa karatasi ya njano, maana wote tulikuwa tunalisahau. Akalisoma kwa sauti, akaliingiza, akafungua. Mle ndani kulikuwa na kila kitambulisho ambacho mtu alituletea kwenye simu tumtolee kopi. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi za kliniki, barua za talaka. Mtu analeta, tunatoa kopi, anakwenda, kilichobaki kinabaki. Hatukuwa na nia mbaya, wala hatukuwa na nia yoyote. Na flashi za wateja tulikuwa tunachomeka tu, yoyote, ya yeyote, ingawa siku moja flashi ya kijana mmoja ilituletea kirusi kikageuza harusi nzima kuwa vijisanduku vyeupe visivyofunguka, na maharusi wenyewe wako barazani wanangoja.

"Mmeibeba Korogwe nzima humu," wakili akasema. "Na mlango mmeuacha wazi na ufunguo mmeutundika nje."

Nikamkumbuka yule mama wa Kwamndolwa na pindo lake la khanga, nikaona aibu bila kujua hasa nimemkosea nini.

Wakili akasema ataandika barua kwa Dokta na kwa mchoraji, na malalamiko yatapelekwa kunakohusika, kwa hiyo tusubiri. Mzee alikuwa tayari kusubiri. Bi Mwajuma alisema, "Sawa, mwanangu," kwa heshima zote, na tulipofika chini ya ngazi akatuambia kuwa mnada wa Handeni uko wiki hiyo, na kwamba yeye atakwenda. Grace akasema basi na sisi tutakwenda, kama mashahidi. Sikujua shahidi anafanya nini mnadani, lakini nikapanda gari.

Dokta tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa amesimama juu ya pikapu, spika mbili, kijitu chembamba chenye koti jeupe, na nyuma yake ametundika bango la Mzee Athumani kubwa kama mlango. Watu wamejaa. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, ila sasa inapita kwenye spika.

"Mtazameni mzee huyu! Ana wajukuu! Mke alishafungasha vyombo!"

Mpango wetu ulikuwa hivi: mzee asimame mbele ya watu, waone kuwa ni mtu wa kweli, wa Kwaluguru palepale, aseme haijui dawa hiyo, basi yaishe. Ulionekana mpango mzuri tukiwa kwenye gari. Mzee Athumani akapenya, kanzu yake nyeupe, akasimama chini ya bango. Watu wakamwangalia yeye, wakaangalia bango, minong'ono ikaanza. Dokta naye akamwona. Nawaambia, yule mtu alishtuka kama kuku aliyeona mwewe. Lakini ilikuwa sekunde moja tu. Akanyoosha mkono, uso ukang'aa.

"Na huyu hapa, ndugu zangu! Amekuja mwenyewe! Amekuja kushuhudia!"

Watu wakalipuka. Mzee akafungua mdomo kusema, hana kipaza sauti, nani atamsikia? Kadiri alivyotikisa mikono kukataa ndivyo walivyoshangilia, wakidhani ni nguvu zenyewe. Mikono ikaanza kunyooshwa kununua. Grace anapiga kelele, "Si kweli! Si kweli!" na mwanaume mmoja mbele yetu akageuka akamwambia, "Mama, kama hununui tupishe." Mimi nilisimama pale na mkoba wangu. Tumemleta mtu kutoka nyumbani kwake aje kulitangaza tangazo lililomwaibisha.

Sikumwona Bi Mwajuma alivyopanda. Nilimwona tu yuko juu ya pikapu, mfupi, mtandio umemkaa barabara, amemshika Dokta mkono wenye kipaza sauti. Hakumnyang'anya. Aliuvuta ule mkono mpaka mdomoni kwake, na Dokta bado ameshikilia.

"Mimi ndiye mke," akasema.

Uwanja wote ukatulia.

"Mimi ndiye Mwajuma binti Mhina, wa Kwaluguru, na wengine humu mnanijua. Sijamkimbia mume wangu hata siku moja. Sijafungasha chombo. Dawa hii mume wangu haijui, hajaila, na hakuruhusu mtu yeyote kumtia kwenye karatasi hii. Aliyosema huyu bwana ni uongo, na hapa anaposimama anajua kuwa ni uongo."

Dokta akajaribu kuvuta mkono wake. Haukuvutika. Pembeni yangu Mzee Athumani, aliyekwisha kurudi nyuma mpaka tulipo, akanong'ona kama mtu anayejisemea, "Sasa nimemwona, baba mkwe."

Katikati ya watu mzaha haukosi. Sauti moja ikatoka nyuma, "Sasa mama, kama si dawa, mzee anatumia nini?"

Watu wakacheka, kicheko kikubwa. Bi Mwajuma akangoja kiishe. Hakuharakisha.

"Hilo," akasema, "ni la nyumbani kwangu."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja muuza nyanya akapiga makofi, mwenzake akapokea, yakaenea kwa wanawake kwanza, halafu kwa wote. Bi Mwajuma akaachia mkono wa Dokta, akageuka, akalichomoa bango, akalikunja kama mkeka, akashuka nalo.

Nimewahi kumsikia wakili akieleza faragha, na semina moja Grace alinipeleka wakaeleza pia, kwa picha na vishale. Sikuelewa vizuri kama nilivyoelewa siku ile juu ya pikapu.

Barua ya wakili ilifika, na Dokta akaitikia mwito na kuweka sahihi kwamba pakiti zile anaziondoa. Kulikuwa pia na ugomvi wa kibali cha kutangaza dawa, lakini huo sikuufuatilia. Watoto wakarudi madrasa, si wote. Lile jina la Mzee Kifufuo likabaki kwa baadhi ya vijana, na wengine wanalitumia siku hizi bila hata kujua lilitoka wapi. Grace aliifuta ile picha kwenye ukurasa wetu, kisha akaikuta kwingine, na kwingine. Wakili akasema ataendelea kuandika barua. Nadhani bado anaandika.

Nilimuuliza mzee kama niitoe na ile ya ukutani. Akafikiri. "Hiyo iache," akasema. "Hiyo nilikubali." Mkewe akaomba nakala yake mwenyewe, na nilimwona anaiangalia kwa muda kabla ya kuitia mkobani.

Kazi yetu nayo ikabadilika. Studio ikasajiliwa huko inakotakiwa. Karatasi ya njano ikabanduliwa. Kopi ya kitambulisho ikishatoka, tunafuta mwenyewe akiona, na kapu tunalimwaga. Wakili akatutengenezea karatasi ya mteja kuweka alama: picha yako tuiweke ukutani, kwenye ukurasa, kwenye tangazo, au isiwekwe popote. Tukajiona tumefika. Mteja wa kwanza, mama mmoja wa sokoni, akaweka alama zote nne. Nikamuuliza, mama, mbona na hii ya isiwekwe popote? Akaniambia alidhani kila alama anaongezewa picha moja. Basi ukawa ndio mwanzo wangu wa kueleza, kila siku, kwa kila mtu, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalielewa nusu. Nilieleza mpaka nikastaafu.

Nanyi mnaofungua biashara zenu, za kopi, za saluni, za chakula cha kupelekewa watu majumbani, mnaokusanya namba na sura za watu kwenye simu zenu, sina sheria ya kuwapa. Waoneni wanaoijua. Lakini mkimuuliza mtu "niweke?", mwambieni wapi. Mpelekeni akauguse ukuta wenyewe.

Juzi nilikuwa Kwamsisi kwa binti yangu Neema, ameolewa huko. Nikaingia dukani kununua chumvi. Kwenye rafu, pembeni ya sabuni, nikaiona ile dawa, unga uleule, rangi zilezile za pakiti. Mbele kuna mzee mwingine, simjui. Ameshika fimbo, anatabasamu, si sana, kama mtu aliyeambiwa jambo zuri na mjukuu wake. Mwanga unatoka kulia. Aliyempiga picha anaijua kazi. Chini wameandika kwamba alikuwa amekata tamaa.

Nikamuuliza mwenye duka kama anamfahamu. Akasema hapana, zinakuja hivyo hivyo. Nikasimama na chumvi yangu mkononi, sijui nimpigie nani.

Yule mzee wa kwenye pakiti ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na kofia ya kufuma. Kama mnamfahamu, au ni babu wa mwenzenu, mwambieni yuko wapi.